Sakafu ya lamineti imeinuka katikati ya chumba: tulaumu unyevu, nafasi ya ukutani au tandiko?

#1 Pimamaji
Wakuu, salamu. Naleta sakafu ichunguzwe, maana mafundi watatu wametoa majibu matatu.

Sebule ni mita 11 kwa 4.2, na inaendelea moja kwa moja hadi korido ya mita 5 kupitia uwazi wa mlango wa sentimita 90. Kwenye uwazi huo hakuna ukanda uliowekwa. Mbao zimelazwa kufuata urefu. Lamineti ni ya mm 8, AC4 (daraja la kuvumilia msuguano), kila ubao mm 1380 kwa 193, kliki ya kushusha (ncha inajifunga ikibonyezwa chini). Chini kuna skridi (tabaka la kusawazisha) ya saruji ya sentimita 6 iliyomwagwa wiki 7 kabla ya kulaza. Juu yake nailoni ya mm 0.2, kisha tandiko la foamu la mm 5. Upande wa dirishani kuna jiko la wazi.

Mwezi wa nne umetokea mwinuko unaokatiza chumba, sambamba na ukuta mfupi, mita 4 kutoka mlango wa korido. Rula ya aluminiamu ya mita 2 ikisawazishwa juu yake, kila ncha inabaki mm 9 juu ya sakafu. Ukikanyaga inashuka, ukiondoa mguu inarudi. Halafu, kwingine kabisa, viungo vya ncha karibu na jiko vimeota midomo. Ukipitisha kucha unagonga kingo.

Sababu ni nini, na inaokoleka bila kung'oa yote?

#2 Kabari
Mita 16 mfululizo, mlangoni hapajakatwa? Usitafute mchawi, mkuu. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha mita 8 hadi 10 kwa urefu, na karibu wote wanataka mlangoni pakatwe hata kama chumba ni kifupi. Pale palitakiwa ukanda wa T (unaofunika mwachano wa sakafu), na chini yake mbao ziachane mm 20 hivi. Mwinuko unaokatiza chumba maana yake msukumo unatoka kwenye urefu. Ungekuwa unafuata ukuta mrefu ningesema upana ndio uliobanwa.

#3 SkridiKavu
Mchawi yupo, na ni unyevu. Skridi ya saruji hukauka takriban wiki 1 kwa kila sentimita kwa zile sentimita 4 za mwanzo, kisha wiki 2 kwa kila sentimita inayozidi. Sentimita 6 ni wiki 8, tena hewa iwe inapita vizuri. Wewe umelaza wiki ya 7.

Ilipimwa kwa kabidi, yaani kipimo cha unyevu cha CM? Skridi ya saruji isizidi 2.0% CM, au 1.8% ikiwa ina mabomba ya kupasha joto. Ya anhidraiti (aina ya jasi) ni 0.5%, yenye mabomba 0.3%. Kama hakuna aliyepima, mengine yote ni ramli.

#4 Chokaa99
Nunueni AC5 muache malalamiko. AC4 ni ya chumba cha kulala.

#5 BiMakini
#4 hapo umechemka. AC inapima ngozi ya juu tu: ile melamini yenye chembe za alumini oksidi inasuguliwa na magurudumu ya msasa hadi picha ya chini ianze kulika. AC3 inavumilia mizunguko 2000, AC4 4000, AC5 6000. Haisemi lolote kuhusu kiini, kufuli ya kliki wala maji. AC4 ni daraja la 32, yaani nyumbani bila shaka na hata ofisi ya watu wa kawaida. Ubao wa AC5 ukibanwa ukutani unainuka vilevile, ila utainuka ukiwa haujachubuka.

#6 Chokaa99
😂 Sawa mwalimu.

#7 Kabari
#3 nailoni ipo mkuu, mm 0.2, na imewekwa hapo kwa ajili ya unyevu huohuo unaousema. Ukisema unyevu umepita, tuambie umepita wapi.

#8 SkridiKavu
Kwenye mapishano. Nailoni inafanya kazi ikipishana sentimita 20, ikabandikwa tepu urefu wote, na kupandishwa ukutani sentimita 3 hadi 5 kabla ya kukatwa baada ya skatingi (ubao wa chini ya ukuta). Ikitandazwa tu kama shuka, mvuke unatembea chini yake hadi upate mlango. Mleta uzi aseme yake ilipishanaje.

#9 MsumariButu
Mnaruka jambo moja. Tandiko la foamu la mm 5 chini ya ubao wa mm 8 ni kosa hata kama skridi ni kavu kama mfupa. Watu wanadhani unene ni raha ya mguu. Foamu nene inabonyea, ulimi wa kliki unakunjwa kila hatua, mwisho mdomo wa mfereji unavunjika. Kwa ubao wa mm 8 tandiko ni mm 2 hadi 3, na muhimu kuliko unene ni ugumu wake wa kubanwa, ile CS kwenye pakiti. Ikiwa CS 10 kPa ni ya kuponea. Tafuta 60 kPa au zaidi. Ile foamu nyeupe laini inayouzwa kwa roli mara nyingi haina hata namba.

Na kama ubao umekuja na tandiko lake limegandishwa nyuma, usiongeze la pili.

#10 Kabari
Foamu nene inavunja kufuli, naunga mkono. Lakini inainuaje sakafu mm 9? Kufuli ikivunjika viungo vinaachana au vinalia. Havipandi juu.

#11 Randa
Naongeza la nne. Mbao zilikaa chumbani kabla ya kulazwa? Saa 48, pakiti zikiwa zimelala bapa na hazijafunguliwa, joto lisipungue nyuzi 18, unyevu wa hewa kati ya 40% na 60%. Zikitoka stoo kavu zikalazwa siku hiyohiyo kwenye nyumba yenye lipu na rangi mbichi, zitanyonya hewa ya chumba na kutanuka. Hapo skridi haina kesi.

#12 Jiwe_la_Pembeni
Au jua. Amesema dirishani. Jua linapiga, ubao unatanuka kwa joto. Fizikia ya darasani.

#13 BiMakini
#12 hiyo ni ya plastiki. SPC (mbao za plastiki na unga wa mawe) na vinaili zinatanuka kwa joto, ndiyo maana mbele ya vioo vikubwa zina masharti yake. Kiini cha lamineti ni HDF, nyuzi za mti zilizoshindiliwa na gundi, kilo 800 na kitu kwa mita ya ujazo. HDF inafuata unyevu kuliko joto. Jua likiipiga inakauka na kunywea, kwa hiyo dirishani ungeona mianya, siyo kilima.

Sasa kwa wote mnaoogopa hizo mm 9. Pigeni hesabu ya Pythagoras. Mwinuko wa mm 9 ndani ya mita 2 unahitaji ziada ya urefu ya karibu mm 0.1 tu. Hata mwinuko wa mm 30 unahitaji mm 0.9 hivi. Kwa hiyo kimo cha kilima hakiwaambii sakafu imetanuka kiasi gani. Kinawaambia kwamba ilipotanuka kidogo haikuwa na pa kwenda. Mahali pamoja pa kubana panatosha, hata kama nafasi nyingine zote ni mm 10 safi.

Pimamaji, fanya mambo mawili kabla hatujaendelea kupigana. Toa skatingi zote upime nafasi kati ya ubao na ukuta, pamoja na kwenye fremu za milango na miguu ya kabati. Kisha chukua kalipa, toa ubao mmoja wa kwenye mwinuko na mmoja wa jikoni, upime unene katikati ya ubao na pembeni kabisa. Ubao uliobanwa tu una unene uleule kote. Uliokunywa maji umevimba kingo, na uvimbe huo haurudi hata ukauke.

#14 Kabari
Hapo kwenye kalipa nimekubali. 🙌

#15 Kiwiko_cha_Bomba
Na mabomba yasisahaulike. Tundu la bomba liwe kipenyo cha bomba kuongeza mm 20, yaani mm 10 kila upande. Bomba la mm 22, toboa 42. Wengi wanatoboa 25 ili papendeze, sakafu inaning'inia kwenye bomba kama imefungwa kwa bolti.

#16 Pimamaji
Asanteni. Skatingi zimetoka, vipimo hivi hapa:

Kuta ndefu: mm 10 hadi 11 pande zote mbili.
Mwisho wa korido: mm 6.
Dirishani: mm 4.
Fremu ya mlango wa korido: sifuri. Haikukatwa chini, ubao umechongwa kuizunguka na ufa ukajazwa gundi ngumu.
Kabati la katikati la jikoni, mita 8 kutoka mlango huo: limefungwa kwa skrubu kupitia ubao hadi kwenye skridi. Juu lina bapa la jiwe.

Kalipa: ubao wa mwinuko ni 8.0 katikati na 8.0 pembeni. Wa jikoni ni 8.0 katikati, 8.7 pembeni.
Nailoni imepishana sentimita 10, haina tepu. Upande wake wa chini una ukungu wa maji. Hewa ya chumba leo ni 72%.

#17 Kabari
Mwinuko uko mita 4 kutoka mlango, kabati mita 8. Yaani katikati kabisa ya vidole viwili vilivyoibana. Nifunge uzi?

#18 SkridiKavu
Usifunge. Ukungu chini ya nailoni umeuona au umeuruka? Kubanwa kumeinua, sawa, lakini ubao uliobanwa usipotanuka unakaa tu umelala. Nani ameurefusha? Mapishano ya sentimita 10 bila tepu, skridi haijaiva.

#19 Randa
Ukungu uko chini ya nailoni, ndugu yangu. Hiyo inaonyesha nailoni inafanya kazi, angalau hapo alipofunua. Mimi naona hiyo 72% ya hewa. HDF imetulia kwenye 50%, hewa ikapanda hadi 72%, ubao ukafuata. Sakafu yote imetanuka, ndiyo maana dirishani nafasi imebaki 4 na korido 6. Kama ziliachwa 10, zimeliwa.

#20 SkridiKavu
Na hewa imefika 72% kwa nini ndani ya nyumba mpya? Lita zinazotoka kwenye skridi, lipu na rangi zinaenda wapi? Tunarudi palepale.

#21 MsumariButu
Kuna mtu amepitisha rula kwenye skridi tupu kabla ya kulaza? Sakafu inayoshuka ukikanyaga ina uwazi chini yake, na uwazi unaweza kuwa bonde la skridi lililofunikwa na foamu ya mm 5. Kiwango ni tofauti isiyozidi mm 3 kwenye mita 2, na mm 2 kwenye mita 1. Mteremko wa chumba kizima hauna shida. Shida ni vilima na mabonde. Ukifungua, pima kwanza kabla hujatoa hukumu. Kilima cha skridi saga kwa grainda yenye kikombe cha almasi, bonde jaza kwa saruji ya kujisawazisha. Usijaze kwa kukunja tandiko mara mbili.

#22 Pimamaji
Skridi haikupigwa rula, au kama ilipigwa hakuna aliyeandika.

#23 BiMakini
Mnaweza kuendelea kugombea baba wa mtoto, mtoto ameshazaliwa. Ninachokiona kwenye kalipa ni magonjwa mawili. Ubao wa mwinuko ni mzima. Wa jikoni umevimba asilimia 9 hivi pembeni, na hayo ni maji ya juu yaliyokaa kwenye kiungo: mopu iliyolowa, sinki linalorusha, friji inayovuja. Unyevu wa chini kwa kawaida ungegusa eneo pana na ungeanzia kwenye mapishano ya nailoni. Kwa jikoni, mbao zenye midomo zitabadilishwa, hakuna dawa. Kuzipiga randa au msasa ni kuondoa ngozi ya melamini na kuacha kiini uchi.

#24 Chokaa99
Wangechukua ile yenye kiini cha kijani, haiogopi maji.

#25 BiMakini
Leo umeamka na mimi. Kijani ni rangi iliyotiwa kwenye HDF. Kuna za kijani zinazovimba sana na za kahawia zinazovumilia. Soma kipimo cha kuvimba baada ya kuloweshwa saa 24 kwenye karatasi ya bidhaa. Namba ndogo ndiyo bora. Na angalia kama kingo za mbonyeo zimepakwa nta au rangi, maana maji yanaingilia pale.

#26 Kabari
Matengenezo ya mwinuko, kwa mpangilio wangu. Anza mlangoni, siyo kwenye kilima.

Ondoa gundi ngumu kwenye fremu. Fremu ya mbao ikatwe chini: weka kipande cha ubao juu ya kipande cha tandiko, laza msumeno juu yake, kata. Ubao unaingia chini ya fremu na bado unabaki na mm 10 za kutembea ndani. Fremu ya chuma haikatwi, hapo unaacha nafasi na kuijaza kamba ya sponji halafu silikoni inayonyumbuka.

Kisha kata mfereji wa mm 20 kukatiza uwazi wa mlango, katikati ya unene wa bamba ili mlango ukifungwa ukanda usionekane upande wowote. Weka kina cha msumeno mm 8 tu, nailoni usiiguse. Reli ya ukanda wa T inafungwa kwenye skridi, kamwe siyo kwenye ubao. Skrubu zitatoboa nailoni, kwa hiyo tundu lipate tone la silikoni. Au bandika reli kwa gundi.

Kabati: toa skrubu, kata sakafu kuzunguka msingi wake ukiacha mm 10, ficha kwa ubao wa chini wa kabati. Kabati lisimame kwenye skridi. Jiwe, kabati na vyombo juu ya sakafu inayoelea, yaani isiyofungwa kwenye skridi, ni nanga.

Ukimaliza, acha sakafu siku chache. Ikishuka yenyewe, mjadala umeisha.

#27 SkridiKavu
Ikishuka halafu ikapanda tena baada ya mvua, nitarudi hapa na kabidi yangu. Mleta uzi, ukiwa umefungua, usitegemee kile kipimo cha kubandika nailoni ya mita 1 usiku mmoja. Kinaonyesha uso tu. Kwenye skridi inayokauka upande mmoja, tundu la kupimia unyevu linachimbwa hadi 40% ya kina. Kwako ni mm 24. Unyevu wa hewa ndani ya tundu ukisoma zaidi ya 75%, usifunike.

#28 Sentimita
Samahani kuchepuka. Nina chumba cha mita 4.1 upana, ubao huohuo wa 193. Fundi anasema mstari wa mwisho utakuwa mwembamba sana. Anapatia?

#29 Kabari
Anapatia. 4100 toa 20 za nafasi ni 4080. Mistari 21 kamili ni 4053, inabaki 27. Mstari wa mwisho usipungue mm 50, la sivyo kufuli haina nguvu na chuma cha kuvutia kitaupasua. Chukua 193 jumlisha 27, gawa kwa 2: mstari wa kwanza na wa mwisho vyote viwe mm 110. Kwenye mstari wa kwanza kata upande wa ulimi unaoelekea ukutani. Chumba cha mleta uzi cha 4.2 kimebahatika, kinabakiza 127.

Na viungo vya ncha vipishane angalau sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Kipande kilichobaki mwisho wa mstari ndicho kinaanzisha unaofuata, kama kinazidi 30.

#30 Sentimita
Asante sana. Na pakiti ngapi? Chumba ni mita 6.

#31 Randa
6 × 4.1 ni 24.6. Ongeza 8%, ni 26.6. Pakiti ya mbao 8 za ukubwa huo ni mita za mraba 2.13. Chukua 13. Ukilaza kimshazari ongeza 15% badala ya 8. Fungua pakiti tatu nne kwa pamoja uchanganye, picha zisijirudie jirani.

#32 Mzee_wa_Gundi
Watoto wa kliki mna raha. Perstorp wa Sweden walipoibuni lamineti mwaka 1977, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kila ulimi ulipakwa gundi na sakafu ikafungwa mikanda hadi ikauke. Kliki zimeenea kuanzia 1996 na 1997. Ila sakafu ya gundi ilikuwa haiingizi maji kwenye kiungo kirahisi hivi.

#33 MsumariButu
Na ubao mmoja ukiharibika mnang'oa kwa shoka, mzee 😂

#34 Pimamaji
Swali la mwisho kabla ya kufungua jikoni: hizi kliki za kushusha zinafunguka bila kuvunjika? Nataka mbao nzima nizirudishe.

#35 BiMakini
Zinafunguka, ila usiziinue moja moja. Zenye ulimi wa plastiki kwenye ncha: inua mstari mzima kwa pamoja kwa pembe, utoke kwenye mstari jirani, ulaze chini, kisha tenganisha ncha kwa kuzitelezesha upande, sambamba na kiungo. Ukijaribu kuikunja ncha kwenda juu, ulimi unakatika. Zile za zamani ambazo ncha nazo zinaingia kwa pembe, ndizo zinakunjwa juu.

Andika namba nyuma ya kila ubao kwa penseli unapotoa. Zilizovimba kingo weka pembeni. Ukilazimisha ubao wa 8.7 uingie kwenye wa 8.0 utaharibu mzima. Futa mifereji kwa brashi kavu kabla ya kurudisha, chembe moja ya mchanga inatosha kuacha ufa.

#36 MsumariButu
Na ukishafungua, hiyo foamu ya mm 5 usiirudishe.

#37 Kabari
Nasubiri majibu ya mlangoni.

#38 SkridiKavu
Nasubiri ya mm 24.